Rimu imeharibika gari likiwa jipya: nani analipa, na kwa nini muuzaji hukimbilia kusema "shimo"

Kwenye kaunta ya sevisi kuna jibu ambalo wenye magari mapya wa Mbeya wameshalizoea: "Hili ni shimo, mzee. Waranti hailipi shimo." Gari halijamaliza mwaka, usukani unatetemeka likifika kilomita tisini kwa saa, tairi moja linaisha upepo kila baada ya siku chache, na risiti ya mamilioni bado iko kwenye droo. Tangu kazi ya kupanua barabara kuu kati ya Nsalaga na Ifisi iwe njia nne ituletee machepuko ya vumbi na kokoto, jibu hilo limepata nguvu zaidi. Nani atasimama aape kwamba hajawahi kupiga shimo? Vijiweni nako ushauri ni wa aina mbili. Kuna wa "nenda kawashe moto, watakupa mpya", na kuna wa "achana nao, hao huwawezi". Wote wanalirukia mbali swali lenyewe: rimu imeharibika kwa sababu gani, na nani anaweza kulionyesha hilo?

Tuanze na majina, maana ugomvi mwingi huanzia hapo. Gurudumu ni tairi na rimu vikiwa pamoja. Tairi ni mpira. Rimu ndiyo ya ndani, ama ya chuma ama ya aloi, yaani aluminiamu iliyochanganywa na madini mengine kidogo na kumiminwa kwenye kalibu. Hizi za aloi ndizo mafundi wengi huziita rimu za spoti. Ukifika kwa muuzaji na kulalamikia "tairi bovu" wakati kinachovuja ni rimu, umeshamfungulia mlango wa kutokea, kwa sababu kwenye magari mengi mapya tairi halimo ndani ya waranti ya mtengenezaji wa gari. Tairi lina waranti ya kiwanda chake, yenye masharti yake.

Waranti ni ahadi ya maandishi ya mtengenezaji kwamba kifaa kikiharibika kwa sababu ya malighafi mbovu au utengenezaji mbovu, kitatengenezwa au kubadilishwa bila wewe kulipa, ndani ya muda fulani. Ahadi hiyo ina mipaka miwili, ya miaka na ya kilomita, na utakaofikiwa kwanza ndio unaofunga. Kipimo kinachoonekana sana ni miaka mitatu au kilomita 100,000. Mfanyabiashara wa Mwanjelwa anayeshuka Dar es Salaam na kurudi kila wiki anatembea zaidi ya kilomita 1,600 kwa safari moja, kwa hiyo ile "miaka mitatu" yake inakwisha mwaka wa pili ukiwa umeanza tu. Wengi hugundua hilo wakiwa tayari kaunta.

Na ndani ya muda huo bado kuna vitu ambavyo havimo. Vinavyolika kwa matumizi havimo: pedi za breki, vifuta vioo, tairi. Vilivyogongwa havimo. Vilivyobadilishwa na mwenye gari havimo. Kuna vijitabu pia vinavyoipa rangi ya rimu muda mfupi kuliko rimu yenyewe. Kijitabu hicho kipo kwenye droo ya mbele ya abiria, mara nyingi kikiwa bado ndani ya nailoni yake. Kitoe ukisome kabla hujamsikiliza mtu yeyote, nikiwemo mimi.

Pembeni ya waranti kuna haki ya pili ambayo haijaandikwa kwenye kijitabu chochote. Sheria ya Uuzaji wa Bidhaa, Sura ya 214, inaingiza kwenye mauzo masharti ambayo pande mbili hazikuyataja kabisa, likiwemo la kwamba bidhaa inayouzwa na mtu ambaye hiyo ndiyo biashara yake iwe na ubora unaofaa kuuzwa. Sheria ya Ushindani ya 2003 nayo ina sehemu nzima kuhusu masharti ya namna hiyo kwenye mikataba ya walaji, na nyingine kuhusu wajibu wa mtengenezaji. Waranti inakuelekeza kwa mtengenezaji. Haki hii inakuelekeza kwa yule aliyepokea hela yako na kukupa risiti. Muuzaji akisema "waranti imekataa", amejibu upande mmoja tu.

Kwa nini kijana wa kaunta anakataa haraka hivyo

Hapa ndipo penye uvundo, na ndipo wengi wanapopoteza kesi yao kwa kumfokea mtu asiye na uamuzi.

Rimu ikibadilishwa ndani ya waranti, kwa kawaida muuzaji wa Mbeya hatoi fedha yake mfukoni. Anabadilisha, kisha anamdai mtengenezaji kupitia wakala mkuu aliyeingiza gari nchini, ambaye mara nyingi yuko Dar es Salaam. Mtengenezaji hataki maneno. Anataka picha, kilomita zilizosomeka siku ya malalamiko, rekodi za sevisi, maelezo ya fundi, na mara nyingi anataka rimu mbovu itunzwe ili akitaka aikague. Asiporidhika anakataa kulipa, na hapo hasara inabaki kwa muuzaji. Kuna watengenezaji wanaorudi miezi baadaye kukagua makaratasi na kudai hela walizokwisha kulipa.

Sasa jiweke kwenye kiti cha yule kijana. Mbele yake kuna rimu yenye mkwaruzo, mteja amepandisha sauti, na hana hata picha moja ya maana ya kutuma Dar. Kusema "shimo" hakumgharimu kitu. Kusema "kiwanda" kunaweza kumgharimu kazi. Kwa hiyo ushindi wako hauko katika kumshinda yeye. Uko katika kumpa faili ambalo yeye mwenyewe anaweza kulishikilia mbele ya mtengenezaji. Nimewasikia wengi wakiona hili kama unyonge, kwamba kwa nini mteja afanye kazi ya muuzaji. Ni kweli si haki sana, lakini ndivyo malipo yanavyotembea.

Shimo linaacha alama gani, kiwanda kinaacha alama gani

Niseme wazi kabla ya yote: rimu moja iliyopinda upande wa ndani, kwa barabara zetu, mara nyingi ni shimo kweli. Gari linalotoka Iringa kwenda Tungamalenga kila mwisho wa wiki halina haja ya kiwanda kibovu ili rimu zake zipinde. Muuzaji hakosei kila mara.

Shimo hupiga sehemu moja. Ukizungusha gurudumu polepole utaona ukingo wa rimu umebonyea mahali pamoja, hasa upande wa ndani ambao huuoni gari likiwa limesimama. Kwenye tairi, pale pale au karibu, unaweza kukuta nundu ubavuni. Nundu hiyo inatokea nyuzi za ndani ya mpira zinapokatika baada ya kubanwa kati ya rimu na kona ya shimo. Bonyeo na nundu vikikutana mahali pamoja, kesi ya waranti imekwisha. Nenda kaulize bima. Bima kubwa huweza kulipa rimu iliyogongwa, ingawa mikataba mingi hailipi tairi lililopasuka peke yake. Bima ndogo haikuhusu hapa, hiyo ni ya uliowagonga.

Kasoro ya kiwanda inaacha alama nyingine. Aloi ikimiminwa vibaya, gesi hubaki ndani yake na kuacha vitundu vidogo mno. Chungu cha Wakisi, wafinyanzi wa Ikombe kando ya Ziwa Nyasa, kikiwa na vitundu visivyoonekana ndani ya udongo kinaweza kutoka motoni kizuri tu, hadi siku ukikijaza maji ndipo unaona kinatoa jasho. Rimu ya namna hiyo nayo inang'aa, haina mkwaruzo, na bado inapoteza upepo kidogo kidogo bila msumari wala valvu mbovu.

Kipimo chake ni cha hela ndogo. Fundi tairi yeyote anayejua kazi, Mafiati au Uyole, anafungua gurudumu, analijaza upepo kupita presha ya kawaida kidogo, analilaza, kisha anapitisha brashi ya maji ya sabuni. Kwanza mdomo wa valvu. Halafu mduara mzima ambapo mpira unakutana na rimu. Halafu, na hapa wengi huwa wameshatosheka, analigeuza na kupaka mgongo wa rimu wenyewe, kwenye pipa, yaani mduara mpana wa katikati, na pale mikono ya rimu inapoanzia. Usimharakishe. Kwa kitambo hakuna kitu, povu linashuka na kukauka. Ukiwa unakaribia kusema basi, mahali pasipo na ufa wala mkwaruzo panatokea vipovu vidogo kama punje za ulezi, vinaongezeka, vinashikana. "Mwaisa, hii rimu yenyewe inapumua," atakwambia. Hapo usiguse. Chora duara kwa chaki, piga picha ya karibu, piga ya mbali inayoonyesha ni gurudumu la gari lako, na chukua video ya povu likikua.

Picha nyingine ya lazima ni ya maandishi ya mgongoni mwa rimu. Utakuta saizi, mathalani 16x6½J, pengine namba inayoanza na ET, alama ya JWL ambayo ni ya kiwango cha Japani cha rimu za aloi, na mara nyingi tarehe ya kumiminwa. Maandishi hayo ndiyo yanayothibitisha kwamba rimu ni ile ile iliyokuja na gari, hukuinunua soko la Sido ukairudisha kwa ujanja. Muuzaji hatakwambia kwamba anakushuku hivyo, lakini anashuku.

Mtetemo una kipimo chake. Kabla ya kulaumu rimu, magurudumu yabalansiwe, kwa sababu mtetemo unaoanzia kilomita themanini au tisini kwa saa na kupungua ukipita mia na kumi mara nyingi ni balansi tu. Ukibaki, rimu ifungwe bila tairi ipimwe kwa kipimo cha mshale kinachoonyesha inayumba milimita ngapi. Kiwango kinachoruhusiwa kimeandikwa na mtengenezaji, na kwa rimu za aloi mara nyingi ni karibu milimita moja au pungufu. Ukikuta rimu nne zote zinayumba kupita kiwango na hakuna yenye bonyeo, shimo gani hilo lililopiga pembe zote nne kwa ustaarabu namna hiyo? Swali hilo liulize kwa maandishi.

Kuna mshtakiwa wa tatu ambaye husahaulika: mkono wa fundi. Nati za rimu za aloi na za rimu za chuma haziko sawa kwenye magari yote. Kwenye Toyota nyingi, nati ya rimu ya aloi ya kiwandani ina shingo ndefu na pete bapa (washa), ya rimu ya chuma ina mdomo wa mchongoko. Ukizichanganya, gurudumu halikai sawasawa, na tundu la nati linaweza kulika au kupasuka. Fundi Maiko, yaani fundi wa kubahatisha, anayekaza kwa mashine ya upepo hadi ipige kelele naye ana mchango wake. Nyufa zikianzia kwenye matundu ya nati, tarajia muuzaji akuulize nani alifungua mara ya mwisho, na ni swali halali.

Halafu kuna baridi. Mwezi Juni na Julai huku kwetu presha uliyojaza saa nane mchana haitakuwa ile ile saa kumi na mbili asubuhi. Joto likishuka nyuzi kumi, presha inashuka kama psi mbili. Tairi nne zikipungua kwa pamoja kiasi kile kile, hakuna rimu inayovuja. Likipungua moja tu, hapo pana neno. Pima asubuhi gari likiwa halijatembea, andika namba, na linganisha na kibandiko kilichopo kwenye fremu ya mlango wa dereva.

Maneno ya mtaani yanayopotosha

"Ukifanya sevisi nje, waranti imekufa." Jibu linategemea kijitabu chako. Wengi wanaobisha kwa kujiamini wameona video za Wamarekani, ambako sheria ya mwaka 1975 inamzuia mtengenezaji kufunga waranti kwa sababu tu umetumia gereji nyingine. Sheria hiyo haivuki bahari. Vivyo hivyo na ile ya Uingereza ya 2015 inayompa mteja siku 30 za kurudisha bidhaa mbovu. Hata hivyo, akili ya kawaida unaweza kuitumia popote: muulize muuzaji, kwa maandishi, kubadilisha oili nje kumeifanyaje rimu ivuje. Kama masharti yanadai sevisi kwao na wewe hukufanya, atakuwa na hoja. Kama hayadai, hana.

"Mali ikishauzwa hairudishwi." Maneno haya yamechapishwa kwenye risiti nyingi, na wengi huyachukua kama amri. Kwa bidhaa nzima uliyoichoka, sawa. Kwa bidhaa mbovu, maandishi ya risiti hayafuti sheria ya nchi kirahisi hivyo. Ila ujue jambo moja: ukishalipokea gari na kulitumia miezi kadhaa, kulirudisha gari zima ni vigumu sana kisheria. Unachoweza kudai kwa nguvu ni gharama ya kuondoa ubovu. Anayedai gari jipya kwa sababu ya rimu moja anajichelewesha mwenyewe.

"Gari la mtumba kutoka Japani halina haki yoyote." Waranti ya mtengenezaji kwa kawaida halina, hiyo kweli. Lakini aliyekuuzia yadi naye ni muuzaji wa biashara hiyo. Tatizo ni kwamba sheria haikulindi kwa kasoro ambayo ukaguzi wako mwenyewe ulipaswa kuiona, na gari la mtumba huwa tumelizunguka mara kumi, tukapiga mateke tairi, tukaridhika. Ufa uliofichwa kwa rangi ni habari nyingine, hasa ukiweza kuonyesha kuwa rangi ilipigwa kuuficha.

Ukishakuwa na picha na vipimo

Usipeleke gari tu, peleka na barua. Ukurasa mmoja unatosha: namba ya chesi, tarehe ya kununua, kilomita za siku hiyo, ulichokiona, lini ulikiona, na unachotaka, yaani ukaguzi na kubadilishiwa rimu. Nakala igongwe mhuri wa kupokelewa. Wakati wanaandika fomu ya kupokelea gari, soma walichoandika kwenye malalamiko ya mteja. Wakiandika "tairi linapungua upepo" na wewe umelalamikia rimu, waambie warekebishe kabla hujasaini.

Wakikataa, omba sababu kwa maandishi, na jina la kifungu cha kijitabu wanachokitegemea. Ombi hili dogo lina nguvu kuliko makelele. Kusema "shimo" kwa mdomo ni rahisi, kuandika "tumekuta bonyeo mahali fulani, picha hii hapa" kunahitaji bonyeo liwepo. Na rimu yako usiiache kwao bila karatasi.

Kitu cha kuepuka kabisa ni kuchomelea. Mtaani wapo wanaochomelea aloi kwa gesi ya agoni na inatoka safi machoni. Lakini rimu nyingi za aloi hupewa nguvu yake kwa kupashwa joto kiwandani, na moto wa kuchomelea unaiondoa nguvu hiyo pale pale penye ufa. Zaidi ya hapo umeshauunguza ushahidi wako. Weka tairi la akiba, rimu mbovu ikae ndani. Rimu yenye ufa haishuki mteremko wa Kitonga, iwe kesi imekwisha au haijaisha.

Juu ya muuzaji yuko wakala mkuu, mwandikie na uambatishe barua ya kwanza pamoja na majibu. Juu yao kuna Tume ya Ushindani, FCC, ambayo ina ofisi ya kanda hapa Mbeya na hupokea malalamiko ya walaji. Mahakama ni ya mwisho, na huko mzigo wa kuthibitisha unakuwa wa anayedai, yaani wewe. Madai ya mkataba kwa kawaida yana miaka sita kabla ya kupitwa na wakati, lakini ushahidi wa povu na chaki hausubiri miaka sita.

Mara nyingi mambo huishia njiani kabla ya huko. Simu inapigwa, sauti imelainika: kampuni imekubali kulipa nusu "kwa ajili ya uhusiano mzuri". Kwa rimu yenye mkwaruzo unaobishaniwa, nusu ni ofa nzuri na mimi ningeichukua. Kwa rimu inayovuja bila alama, ningeendelea kuomba yote. Vyovyote utakavyoamua, soma karatasi watakayokupa kusaini. Kukiwa na sentensi inayosema umeridhika na hutakuwa na dai lingine lolote kuhusu magurudumu ya gari hilo, omba waandike kwamba inahusu rimu hiyo moja tu, ya mbele kushoto au popote ilipo, ndipo usaini.